Tumbo la Sebagabo na Jina Langu

Watu wakianza kusimulia habari za mgonjwa hulainisha sauti. Mimi sina sauti hiyo. Sebagabo alinichafulia jina kwa miezi minane, na kama nisingekuwa mkaidi kuliko yeye, leo angekuwa kaburini na mimi ningekuwa muuaji machoni pa Nyamyumba nzima. Kwa hiyo nitamsema kama alivyo, na asipopenda aende kunishtaki kwa mkuu wa kijiji. Njia anaijua.

Naitwa Mukasine, ila wengi huniita Mama Uwera, kwa jina la binti yangu. Nilizaliwa Kigoma, wazazi wangu walikokimbilia, na niliporudi Rwanda nikaolewa na mvuvi wa hapa Nyamyumba, marehemu Habineza. Nina mgahawa wa meza nne kando ya barabara iendayo mjini Gisenyi. Mchana napika ndizi, maharage na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Jioni nauza urwagwa, pombe ya ndizi.

Sebagabo alikuwa mtu wa mashua pamoja na mume wangu. Sambaza huvuliwa kwa mashua tatu zilizofungwa pamoja kwa miti mirefu, na wapiga kasia huimba ili mikono iende sawa. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Habineza aliniambia kwamba Sebagabo alishika kasia kama mtu anayekoroga mchuzi wa jirani, hakuwa na faida yoyote majini, lakini hakuna aliyetaka kutoka bila yeye. Alikuwa akitunga wimbo papo hapo kuhusu mama mkwe wa mwenzake mmoja, na huyo mmoja akapiga kasia kwa hasira ya watu watatu. Kazi ya uvuvi ilipomshinda alihamia kwenye kiti cha mlangoni kwangu, na kiko chake mdomoni, na masharubu mapana aliyoyapaka siagi ya ng'ombe wa Mudende. Mke wake alikuwa ameshafariki. Miaka ishirini alikula kwangu na kutoa maoni kuhusu kila aliyepita barabarani, wakiwemo mapadri.

Mwaka jana, masika yalipoanza, alianza kuacha chakula. Alikuwa anakula sambaza watano, anasukuma sahani, anasema ameshiba. Mtu aliyekuwa akimaliza sahani mbili na kuulizia ya jirani! Suruali zake akaanza kuzifunga kwa kamba. Nilimwambia aende kituo cha afya, akasema kule ni kwa wajawazito na watoto wa chanjo. Badala yake akaenda kukaa kwenye chemchemi zetu za maji ya moto, tumbo ndani ya maji kuanzia asubuhi hadi mchana, wiki mbili mfululizo. Alitoka huko msafi sana, na mwembamba zaidi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia. Akanijibu kwamba methali za Tanzania hazimhusu.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ninalo. Kwetu anayetoa pombe huonja kwanza yeye mwenyewe mbele ya mgeni, ndipo mgeni anywe. Mtoto wa miaka mitano anajua hilo. Jumapili moja baada ya misa mgahawa ulijaa, sambaza walikuwa wanaungua jikoni, na mimi nikaweka chupa ya urwagwa mbele ya Sebagabo nikakimbia. Sikuonja. Alikunywa nusu, akatoka nje, akatapika barabarani vitu vyeusi kama machicha ya kahawa, mbele ya waumini wote wakiwa na Biblia zao kwapani. Watu sita walikuwa wameona sikuonja. Wa kwanza kuliona hilo alikuwa bibi Nyirahabimana, muuza samaki, ambaye macho yake huona hata visivyokuwepo.

Sebagabo ana mwana mmoja, Ntwali, kijana mwenye watoto wawili anayebeba mizigo ya wachuuzi pale mpakani, Petite Barrière. Siku ya pili akamvusha baba yake hadi Goma kwa mganga anayetapisha watu sumu. Ng'ambo ile wana jina la sumu ya polepole, ile inayomla mtu mwaka mzima: huiita karuho. Mganga akamnywesha majani machungu siku tatu, Sebagabo akatapika mpaka akasahau jina la mama yake, kisha mganga akamwonyesha kitu ndani ya beseni. "Iyi njo karuho," akasema, yaani hii ndiyo. Akamuuliza alikula kwa nani. Naambiwa Sebagabo alinitaja kabla swali halijaisha.

Aliporudi alikaa nyumbani kwake akawa anapokea wageni kama askofu. Kila aliyekuja alisimuliwa chupa, jikoni, na mimi nisiyeonja. Wateja wakaanza kunisalimia wakiwa barabarani, kwa mbali, kama watu wanaoogopa mbwa. Meza nne zikawa za nzi. Lisemwalo lipo, wakasema, kama halipo laja. Na halikukaa hata mwezi, likaja lingine: Habineza naye alikufa na nini? Mume wangu alikufa kwa ugonjwa wa mapafu miaka kumi iliyopita, nikilala sakafuni chini ya kitanda chake cha hospitali kwa wiki tatu. Sasa watu waliokula wali wa matanga yake walikuwa wanaulizana nilimpikia nini. Siku hiyo nilifunga mlango nikalia mpaka macho yakavimba.

Nilipomaliza kulia nikaenda kwa Wenceslas, mkuu wa kijiji, mtu mwema anayeogopa kila kitu isipokuwa mikutano.

"Mama Uwera," akasema, "maneno ya sumu iko maneno ya tumbo. Mi siko munganga. Mukuye naye na karatasi ya munganga, mi nitasoma mbele ya watu."

Munganga kwake ni daktari wa hospitali, si mganga wa Goma, na hapo ndipo nilipopata akili. Nikaenda moja kwa moja kwa Sebagabo. Nilimkuta amekaa juani, shingo imebaki mishipa, lakini masharubu bado yanang'aa.

"Papa Ntwali, unatangaza kwamba nimekuroga."

"Sikusema kuroga. Nilisema ulinitilia sumu. Iko tofauti."

"Twende hospitali wakuangalie. Wakiikuta sumu, nitajipeleka mwenyewe polisi. Wasipoikuta, utasimama siku ya umuganda, mbele ya kijiji kizima, useme kwamba Mukasine hakukulisha kitu."

Umuganda ni ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tukishafagia na kuzibua mitaro, kijiji hukaa chini kusikiliza matangazo na kusutana.

Akafikiri, akavuta kiko. "Na kama nikikufa mbele ya umuganda?"

"Usithubutu."

"Bon," akasema. "Twende. Utafungwa miaka mingi."

Naomba ieleweke: sikumpeleka kwa huruma. Nilimpeleka ili wamtafute sumu wasiipate.

Kituo cha afya walimtazama macho, yalivyokuwa meupe kwa kukosa damu, wakatuandikia karatasi ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Hospitalini muuguzi akauliza nani garde-malade wake, yaani nani atakayemuuguza wodini, maana kwetu mgonjwa hakubaliwi kulala bila mtu wake. Ntwali alikuwa mpakani na mizigo, tena alikuwa hajui kama tumeondoka. Nikasema ni mimi.

"Wewe ni nani wake?"

"Huyu njo aliniua," Sebagabo akajibu kwa niaba yangu.

Muuguzi akanitazama, akamtazama, akaandika: jirani.

Walimwongeza damu chupa mbili, kwa sababu yake ilikuwa imevuja tumboni polepole bila yeye kujua. Kisha akaja daktari, mwanamke kijana aitwaye Uwimpuhwe, mwenye raba miguuni na subira isiyo ya umri wake. Alimweleza kwamba watapitisha mpira mwembamba mdomoni hadi tumboni, wenye taa na kamera kwenye ncha, ili waone ndani.

"Ile kamera itaona mutu alitia sumu?"

"Itaona tumbo tu, Mzee."

"Basi haina akili sana," akasema, akafungua mdomo.

Daktari alipotoka alitueleza bila kuzunguka. Ameona kidonda kikubwa chenye kingo zilizovimba, karibu na pale chakula kinapotokea kwenda kwenye utumbo. Ndiyo maana anashiba upesi, ndiyo maana anatapika. Amekata vipande vidogo sita, vinapelekwa Kigali vikaangaliwe kwa darubini.

"Sita!" Sebagabo akanigeukia, koo likiwa bado zito. "We kwa sahani ulikuwa unanipa nyama nne tu."

Tukasubiri wiki tatu. Nilizihesabu kwa furaha, sitaki kudanganya. Kila asubuhi nilifungua mgahawa mtupu, nikafuta meza zisizochafuka, nikawaza jinsi Nyirahabimana atakavyokosa pa kuweka uso wake. Nilishachagua hata kitenge nitakachovaa.

Siku ya majibu tulikaa kwenye viti viwili vya plastiki mbele ya meza ya Daktari Uwimpuhwe. Akafungua bahasha. Akasema kwa upole kwamba hakuna sumu yoyote, haikuwahi kuwepo. Kile kilichoko tumboni ni kansa.

Nami nikasimama, nikapiga makofi mara moja, nikasema kwa sauti: "Asante Mungu!"

Neno lilikuwa limeshatoka. Daktari alinitazama kama mtu aliyeona nyoka kitandani. Sebagabo akanigeuzia kiti chake. Kisha akasema, polepole, "Endelea, Mama Uwera. Imba na ya kutoa sadaka, tutoe sadaka."

Nikakaa. Nimezaa, nimezika, nimefukuza walevi wenye chupa mkononi, lakini aibu niliyoisikia kwenye kile kiti cha plastiki sijawahi kuisikia. Nilikuwa nimemshukuru Mungu kwa kansa ya mtu, na mtu mwenyewe yuko karibu yangu, ndani ya suruali iliyofungwa kwa kamba.

Daktari alituokoa kwa kuendelea kuzungumza. Akasema ugonjwa huu hauletwi na jambo moja. Kuna kijidudu kinachoishi tumboni miaka mingi bila mtu kujua. Kuna vyakula vyenye chumvi nyingi, samaki wa kukaushwa kwa chumvi na moshi.

"Umesikia?" Sebagabo akafufuka. "Samaki ya chumvi! Miaka makumi mbili!"

"Na tumbaku," daktari akasema.

"Umesikia?" nikasema mimi. "Tumbaku!"

Daktari akaomba tunyamaze wote wawili. Alituuliza tumeoana miaka mingapi.

Walimpiga picha ya mwili mzima, na kwa bahati ini lilikuwa safi. Kuna nafasi, daktari akasema. Atapewa kwanza dawa ya kupitia mshipani, mizunguko minne, ili kidonda kisinyae. Kisha atapasuliwa Kigali, atolewe sehemu kubwa ya tumbo, na mizunguko mingine ifuate. Mimi nikasubiri tufike nje, chini ya ukuta wa maabara, nikamkumbusha ahadi. Umuganda ulikuwa Jumamosi ile ile.

"Sitasema," akasema.

Nilidhani nitamzaba kofi, mgonjwa au si mgonjwa.

"Sikiliza, Mama Uwera. Mutu wanamutilia sumu ni mutu iko na kitu. Wanamuonea wivu. Mi, Sebagabo, nilikuwa mutu wa kuuawa! Watu walikuwa wanakuya kunitazama. Sasa niseme ni kansa? Kansa inashikaka mutu yoyote. Watasema: huyu amekwisha, muache afe. Hata Ntwali ataanza kupima ukubwa wa nyumba."

Na ilikuwa kweli. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba yule mzee alikuwa ameipenda sumu yangu. Ilimpa wageni, ilimpa heshima ambayo kasia halikumpa.

"Basi utasema lini?"

"Nikipona. Wakishanipasua, nikaamuka, nitasema. Nikikufa, baki na jina lako."

Ndivyo nilivyokuwa garde-malade wake. Karatasi bila yeye Wenceslas asingeisoma, kwa hiyo jina langu lilikuwa limeshikwa ndani ya tumbo la Sebagabo, na njia pekee ya kulitoa ilikuwa kumweka hai.

Sitawachosha na dawa ya mshipani. Kila wiki mbili tulikwenda, alikaa kitini saa nyingi na mrija mkononi, akatunga nyimbo kuhusu wauguzi. Siku tatu zilizofuata alitapika, na mimi nilishika beseni. Nikimletea uji alidai nionje kwanza. Nilionja, nikamwambia kwa bahati mbaya bado ni uji tu. Mzunguko wa pili masharubu yakadondoka. Alikuja kufungua mlango asubuhi akiwa na mdomo mtupu, nikamwona mtu nisiyemjua, mwenye mdomo mdogo kama wa mtoto anayetaka kulia. Nilicheka. Yeye naye akacheka, kisha akalia kweli, na mimi nikamfunga kitambaa shingoni nikamlisha uji.

Ntwali katika wakati wote huo alikuwa haongei nami. Alikuja jioni kumwona baba yake, akasimama mlangoni mpaka nitoke. Kwake yeye karatasi za daktari zilikuwa karatasi tu. Alikuwa ameliona lile beseni la Goma kwa macho yake.

Upasuaji ulikuwa Kigali, mwishoni mwa Septemba. Walimwingiza saa mbili asubuhi. Nilikaa kwenye benchi na rozari yangu, nikaanza kuomba, na ombi langu lilikuwa moja: Mungu, asife kabla hajasema. Niliomba hivyo mpaka saa nne hivi. Muuguzi mmoja akapita akikimbia na mfuko wa damu mkononi, akaingia mlango ule ule. Baadaye niligundua kwamba kuanzia hapo niliacha nusu ya maombi. Nilikuwa nasema asife, asife tu, na lile la kusema sikulikumbuka tena mpaka walipomtoa saa nane.

Siku nne haruhusiwi kupitisha kitu mdomoni, hata maji. Tumbo lililobaki limeshonwa kwenye utumbo, uzi bado mbichi. Na kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, bora usiende. Siku ya tatu nilitoka kufua mashuka, na niliporudi nikamkuta Ntwali amekaa kitandani na sufuria ya ndizi na nyama, aliyoipakata kutoka Gisenyi asubuhi yote, kijiko kiko hewani, na mzee amefungua mdomo. Baba hakatai chakula cha mwanawe, hata kama kitamuua.

Nikakipiga kile kijiko kikaruka mpaka kitanda cha jirani.

"Munaona!" Ntwali akapaza sauti wodi nzima isikie. "Hataki mutu mwingine amulishe! Anataka yeye tu!"

"Huyu akila leo uzi unakatika, chakula kinamwagika ndani, anakufa!" nikasema. "Muulize muuguzi!"

Muuguzi alikuja, akamwambia Ntwali maneno yale yale kwa Kinyarwanda, na kwa ukali zaidi. Ntwali akabaki na sufuria mapajani. Alikuwa karibu kumuua baba yake kwa upendo na ndizi, na aliyemzuia ni mimi. Akamtazama baba yake. Sebagabo akiwa na mpira puani akasema kwa sauti ndogo, "Ntwali, ile kitu ya Goma haikuwa sumu. Ilikuwa majani yake mwenyewe. Mi nilijua tangu karatasi ya munganga." Kisha akaongeza, "Ile nyama umupe Mama Uwera. Hakukula tangu jana."

Niliila nimegeukia ukutani. Ilikuwa na chumvi nyingi, lakini niliimaliza.

Umuganda wa mwisho wa Novemba alisimama. Lazima nimpe haki yake: alisimama. Koti lilimning'inia, mikono ilikuwa ya mifupa. Wenceslas akasoma karatasi ya daktari kwa sauti ya mkutano, kisha Sebagabo akasema, "Mi nilikuwa na kansa ya tumbo. Mama Uwera hakunitilia kitu. Nilisema uongo, na nilikuwa najua ni uongo miezi mingi. Munganga alikata tumbo, leo iko kidogo kama ngumi. Samahani, Mama Uwera."

Nilikuwa nimevaa kile kitenge. Nilisubiri dunia ibadilike. Na bibi Nyirahabimana, akiwa ameegemea jembe lake, akauliza, "Kama hakukulisha sumu, juu ya nini yeye njo alikulisha hospitali miezi yote? Amekufunga mudomo, huyu."

Watu wakacheka, wakaondoka. Meza zangu zikabaki na nzi wale wale. Nilirudi nyumbani nikakitupa kitenge kwenye kona. Miezi yote ile nimeshika beseni, na neno nililolipigania limesemwa, na halikununua hata kikombe cha chai.

Kilichoniokoa sikukitegemea. Daktari alikuwa amemwambia Sebagabo kwamba tumbo dogo halipokei sahani kubwa. Ale mara sita kwa siku, kidogo kidogo, atafune sana, asikose hata mara moja. Nyumbani kwake hakuna wa kupika mara sita. Kwa hiyo alirudi kwenye kiti cha mlangoni. Saa moja asubuhi, saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja, saa moja jioni, alikuwa pale barabarani, mbele ya kila mtu, anakula chakula cha Mukasine. Hotuba watu wanaweza kuibishia. Mtu aliyesema ulimlisha sumu, akila kwako mara sita kwa siku na kunenepa, utambishia nini?

Mara moja alitutia hofu. Akiwa mlangoni kwangu alikunywa kwa pupa soda aliyotoka nayo harusini, na baada ya dakika kumi akalowa jasho, moyo unamwenda mbio, akalala juu ya benchi. Wapita njia wakasimama, nikasikia mtu anaanza, "Si tulisema..." Sebagabo akainua mkono mmoja kutoka kwenye benchi akapiga kelele, "Ni sukari! Munganga alinikataza sukari, mi ni mujinga tu! Muende!" Wakaenda. Wiki ile ile dereva mmoja wa pikipiki akaingia akaagiza sambaza. Akaja na mwenzake. Januari meza tatu zilikuwa zinajaa mchana, na mwezi wa pili Nyirahabimana mwenyewe aliketi, akaagiza urwagwa, akanitazama nikionja kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, akanywa chupa nzima.

Basi jina langu limepona. Nina wateja, Ntwali ananiita mama, na masharubu ya mzee yameota tena, meupe sasa, laini kama ya paka. Mtu angesema habari imeisha.

Jumatatu iliyopita Sebagabo alikuja mara nne. Jumanne alikuja mara tatu, akasema sahani zangu zimekuwa kubwa, ingawa ni sahani zile zile. Jumatano alikuja asubuhi, akaketi, akatazama barabara, na padri akapita na kofia mpya ya ajabu kabisa, na Sebagabo hakusema neno lolote kuhusu ile kofia.

Nilimpigia Daktari Uwimpuhwe. Akasema nimlete Ijumaa, watapitisha mpira tena na kumpiga picha. Nikamuuliza inaweza kuwa nini. Akasema inaweza kuwa kovu tu limebana njia, hutokea, au inaweza kuwa kansa imerudi. Hawezi kujua kabla ya kuona. Nilimshukuru. Sikupiga makofi.

Leo ni Alhamisi. Saa moja jioni kiti kilikuwa kitupu, mgahawa umejaa. Nikawaacha wateja na moto wao, nikachukua bakuli la uji wa maharage yaliyopondwa nikashuka hadi kwake. Alikuwa amekaa kitandani na viatu vimevuliwa.

"Mama Uwera, juu ya nini unateseka? Nilisema kwa umuganda. Watu wamerudi kwako. Deni imeisha."

"Imeisha," nikasema. "Fungua mdomo."

Ni kweli imeisha. Sina tena faida yoyote katika uhai wa mzee huyu, hata moja, na nimemtafuta Mungu njia nzima ya kushuka kwa ajili yake, nikiogopa kama mtoto. Nilimshikia kijiko. Alikula vijiko vitatu, akapumzika, nikamsubiri, akala cha nne.